Nilimwacha Kulwa Apake Grisi kwenye Breki

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri. Nina uhakika na saa hiyo kwa sababu niliiandika kwenye daftari langu. Kuna siku natamani nisingejua kuandika!

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Naishi Mazwi, hapa Sumbawanga, kwa kaka yangu Fidelis. Mama yuko Kaengesa na mashamba yake ya mahindi na ulezi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na matokeo yakatoka ya kawaida tu, si ya kuendelea na kidato cha tano. Ni mtu wa aibu sana. Nikitumwa dukani nafanya mazoezi ya maneno njiani! Shuleni walimu walinisifu kwamba Restituta ni binti mtulivu. Mimi mwenyewe nikaamini kwamba mtu mtulivu hawezi kumdhuru mtu...

Kaka Fidelis ana kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua. Kwenye kona ameweka kompyuta yenye gemu la mbio za magari. Si gemu la kitoto. Ni lile linaloiga gari la kweli, tairi zikipata joto zinateleza, na ukikanyaga breki vibaya gari linageuka nyuma mbele. Kaka akiwa na wateja, kompyuta hiyo niliisimamia mimi. Nilijifunza peke yangu kwa kusoma mtandaoni. Mbele ya watu sauti yangu haitoki, lakini mbele ya kile kioo nilikuwa mtu mwingine kabisa.

Jumanne hiyo rafiki yangu Kulwa aliingia kibandani akihema, karatasi mkononi. Chuo kimoja cha udereva na ufundi wa magari kilikuwa kinatoa nafasi moja ya bure kwa msichana, ajifunze kuendesha malori. Mchujo ungefanyika kwenye kompyuta, kwa gemu hilohilo letu. Mizunguko mitano mfululizo, na muda wote unajumlishwa. Kompyuta ni ya chuo, ila kifaa cha kuendeshea kila mmoja aje na chake alichokizoea.

"Resti, tunaenda wote!" akasema.

Nikamwambia nafasi ni moja.

"Basi aipate mmoja wetu, isiende kwa watu wa mbali!"

Ndivyo alivyokuwa Kulwa. Moyo mweupe, mdomo haufungi.

Kwangu mimi nafasi ile ilikuwa ndoto. Kwake ilikuwa maisha yenyewe. Wao ni Wasukuma, wafugaji, walihamia huku yeye akiwa mdogo. Mwaka huu malisho yalikuwa yamebana, na baba yake alikuwa ameshaamua kuhamisha mifugo, kupita njia ya kijiji cha Kate na kusonga mbele zaidi. Alimwambia Kulwa waziwazi kwamba akipata chuo atabaki mjini, atakaa na sisi pale Mazwi. Asipopata, siku ng'ombe watakapoondoka na yeye anaondoka. Kulwa alilisema hilo huku anacheka, lakini niliyaona macho yake...

Nilimfundisha mimi. Naapa, mwanzoni nilimfundisha kwa roho safi!

Kibodi nilimkataza siku ileile. Ukibonyeza kitufe, tairi zinakata kona yote kwa mkupuo, hakuna nusu wala robo. Tukajaribu padi, ile inayoshikwa kwa mikono miwili, yenye vijiti vya kusukuma kwa vidole gumba. Mimi ndiyo niliyoizoea, maana vidole vyangu ni vyembamba. Kulwa ilimshinda. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kamba na mpini wa jembe, na kila akigusa kijiti gari linaruka pembeni.

Ndipo nikaushusha usukani juu ya kabati. Kaka aliununua ukiwa umetumika, pamoja na pedali zake mbili za chini. Nikaufunga mezani mpaka ukakaza. Nikapunguza urembo wa picha ili kompyuta isigandegande, kwa sababu picha ikiganda hata usukani wa bei mbaya hauna msaada. Nikapunguza na nguvu zake, maana ule usukani unavuta mikono kama gari la kweli likiteleza.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Kulwa aligonga kila ukuta.

"We Kulwa, hilo si plau, usilisukume!" kaka Fidelis alimtania.

"Nyamaza kaka Fide! Ninyi Wafipa mnaogopa hata gari la kwenye kioo!"

Wiki ya pili kicheko kikaisha. Usukani ukivuta, watu wengi hupigana nao. Kulwa hakupigana. Aliuacha uende kidogo, kisha akaurudisha taratibu. Nilipomuuliza kajifunza wapi, alishangaa. Akasema ng'ombe wa mkokoteni akivuta pembeni humkamati kwa nguvu, atakuvunja mkono, unamwachia kidogo halafu ndiyo unamrudisha.

Alinipita kwa sekunde mbili. Kesho yake, nne. Mwishoni mwa wiki kaka alikuwa anaacha wateja wake kuja kumtazama. Mimi hakuna aliyewahi kuacha mteja kuja kunitazama...

Kuna kitu kikaniingia tumboni. Kilikuwa baridi kama upepo wa Julai unaopita chini ya mlango. Nilikula nacho, nikasali nacho kanisani. Niliyasoma yote mimi, nikaufunga usukani mimi, halafu aondoke na nafasi yeye? Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Ni baya, lakini nimeamua kusema kweli.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mchujo, pedali ya breki ilianza kulia. Nyii... nyii... kila akikanyaga. Kaka alikuwa ametoka kufuata karatasi. Kulwa akacheka, akasema inalia kama baiskeli ya mzee wake. Akatoka hadi kwa fundi baiskeli jirani, akarudi na grisi ya njano kwenye kipande cha gazeti.

Huku kwetu hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mnyororo ukilia, grisi. Bawaba ya mlango, grisi. Mashine ya kusaga, grisi. Nani atamlaumu?

Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Chini ya pedali ile kuna kidude kidogo kinachopima mguu umekanyaga kiasi gani. Kikiingiwa na grisi kinachanganyikiwa. Hakifi siku hiyohiyo. Kinafanya kazi vizuri kwanza, kisha grisi ikitambaa ndani na kushika vumbi, breki inaanza kuruka. Mara haipo kabisa, mara imeshika yote!

Kulwa alipiga magoti sakafuni, kidole kimejaa grisi, akaniangalia.

"Resti, wewe ndiye unayejua. Niweke?"

Zilikuwa zinatakiwa herufi sita tu. Hapana... hata si nyingi! Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Niliinamisha kichwa.

Akachukulia nimekubali. Akapaka.

Breki ikanyamaza kimya. Kulwa akarukaruka, akanikumbatia, grisi ikanishika kwenye mkono wa sweta. Siku hiyo kwenye daftari niliandika: "K. ameweka grisi. Sijasema kitu." Ijumaa alifanya mazoezi na kila kitu kilikwenda vizuri, nami nikajidanganya kwamba labda nilichosoma ni uongo. Lakini kila alipokanyaga ile pedali, mimi ndiye niliyeshtuka.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulijaa. Wasichana tulikuwa tisa. Niliendesha wa nne, kwa padi yangu. Nikamaliza bila kugonga, nikashika namba moja.

Kulwa alikuwa wa mwisho. Mzunguko wa kwanza watu walisimama! Hata mkufunzi alivua miwani. Wa pili, haraka zaidi. Mimi nilikuwa naangalia mguu wake tu. Nikajikuta naomba kitu ambacho hadi leo sijui ni kipi... Nilikuwa naomba breki ipone, au naomba ife?

Mzunguko wa tatu, kona kali ya kushoto, alikanyaga na gari halikupunguza hata kidogo. Akakanyaga tena, likashika ghafla, likazunguka, likajaa ukutani. Ukumbi mzima: "Aaaah!" Akajitahidi kuliondoa. Kona iliyofuata, vilevile. Kulwa akainama kuangalia pedali, akatikisa waya, jasho linamtoka kwenye ile baridi.

Mkufunzi akamwambia anaruhusiwa kubadili kifaa kama yupo wa kumwazima. Kulwa akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Resti, nisaidie padi yako."

Nikasimama, nikampelekea. Nilijua haitamsaidia, na nilimpa kwa sababu haitamsaidia. Watu wakanipigia makofi! Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba binti huyu ana roho ya pekee, anamsaidia mshindani wake. Nikatazama chini kwa aibu, wakadhani ni unyenyekevu.

Kulwa alimaliza wa saba. Nafasi ikawa yangu.

Mnajua alifanya nini? Alikuja kunikumbatia. Akasema afadhali nimepata mimi, angepata mwingine angelia. Halafu akalia.

Siku zilizofuata kila nikifumba macho namuona amepiga magoti na kile kidole cha njano. Fomu ya chuo niliiweka chini ya godoro, nisiione. Jumatano alasiri Kulwa alikuja kibandani kutuaga. Alisema kesho wanaondoka. Kaka, kwa huruma, akasema ngoja aifungue ile pedali aone nini kiliharibika, angalau Kulwa aondoke akijua halikuwa kosa lake.

Nilitaka kumzuia. Sauti haikutoka.

Akafungua skrubu nne, akageuza kile kifuniko. Grisi ilikuwa imeganda humo ndani, nyeusi kwa vumbi.

"Nani kaweka grisi humu?" akauliza. "Resti, si wewe uliyeniambia mimi mwenyewe hapa hapapakwi kitu?"

Kulwa hakupiga kelele. Yeye, mwenye mdomo usiofungwa, aliongea taratibu kuliko siku zote.

"Ulikuwa unajua?"

Niliinamisha kichwa. Kama siku ile.

Akachukua kanga yake kwenye kiti, akatoka. Kaka akabaki ananitazama kama mtu asiyemfahamu, kisha akawasha mashine ya kopi ingawa hakukuwa na mteja.

Ndugu zangu, hasa ninyi wasichana wenzangu mnaosifiwa kwa upole, nisikilizeni. Kuna kunyamaza kwa adabu, na kuna kunyamaza kwa kuua. Ukiona mwenzako anakosea na wewe unajua, sema! Sema hata ukitetemeka, sema hata kwa sauti mbovu, sema hata kama akipona atakushinda. Nilidhani mtu mbaya ni yule anayetenda. Mimi sikutenda chochote, mikono yangu haikugusa ile grisi, lakini ni mimi niliyemtoa Kulwa mjini. Nawasihi, msipite nilikopita.

Mtauliza, asubuhi yake nilifanya nini? Niliamka na uamuzi wa kusema ukweli. Lakini aibu yangu ikanichagulia njia rahisi. Nilikwenda kwanza chuoni, kwa mkufunzi nisiyemzoea, badala ya kwenda kumtazama Kulwa usoni. Nilijiambia muda upo. Sisi wakulima mtu akisema kesho anahama, ni baada ya chai, jua limewaka, lori limekuja.

Saa moja na nusu nilikuwa getini. Nikampigia mkufunzi goti, nikasema shikamoo, nikasema yote kwa mara ya kwanza maishani bila kumeza neno. Hakunigombeza. Aliipokea fomu yangu niliyoirudisha, akasema Kulwa akifika mwenyewe kabla ya saa sita mchana, atarudia mchujo kwa usukani mzima.

Nilikanyaga baiskeli kama kichaa! Nikafika kwao pembeni ya mji saa mbili na nusu. Zizi lilikuwa wazi. Majivu bado yana moto chini yake. Bibi mmoja wa jirani, aliyekuwa anaanika ulezi, akanishangaa nilipouliza. Akasema wafugaji hawasubiri jua, waliondoka saa kumi alfajiri, mifugo itembee kabla ya joto. Akasema yule binti aliuliza mara mbili kama kuna mtu wa Mazwi amekuja kumtafuta.

Simu ya baba yake haikupatikana. Nikashika barabara ya Kate, nikifuata kwato kwenye vumbi, nikiita jina lake kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya mtu yeyote. Nilikwenda mpaka njia inapogawanyika, ambapo makundi mengine ya ng'ombe yalikuwa yamepita na kwato zimekanyagana zote. Nikashuka kwenye baiskeli. Nikasimama pale hadi saa sita ikapita.