Kovu la Zamani

Haya yalimpata rafiki yangu anayekagua sarafu za kale, na wala simwonei huruma. Shangazi yake alimletea sarafu ya Kigiriki yenye uso wa mwanamke, urithi wa marehemu mumewe.

"Nitazamie kama ni fedha, baba. Lakini usoni usimguse."

Jamaa hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Wagiriki wenyewe walizikata sarafu kuona kama ndani ni shaba, na mkato wa kale huwa mweusi. Basi akachukua tindo, akamkata yule mwanamke kuanzia jichoni hadi kidevuni. Ilikuwa fedha tupu. Mkato uling'aa mweupe. Akaupaka dawa ukawa mweusi, akairudisha.

"Mbona ana kovu?"

"La zamani hilo, Shangazi. Hukuliona tu."

Mama wa watu aliitazama sarafu, akamtazama yeye, akaondoka bila kuaga.

Jioni jamaa aliingia stoo ya kazini kwake, isiyo na dirisha, mlango ukajifunga. Gizani akasikia kru, kru, kru. Ilikuwa sauti ya tindo lake, polepole, karibu kabisa na sikio. Hakuhisi maumivu. Akausukuma mlango, akatoka mbio hadi nyumbani, akajitazama kwenye kioo: kovu jeusi, kuanzia jichoni hadi kidevuni.

"Mke wangu, njoo uone nilivyokatwa!"

Mkewe alimshangaa. "Si kovu lako la zamani hilo?"

Akageukia picha ya harusi ukutani. Bwana harusi alikuwa akitabasamu nalo.