Muhuri Wenye Mafuta

Hakuna sura iliyowahi kupita mbele ya Inspekta Tyhali ikasahaulika. Huo ndio ulikuwa wimbo wake pale kituo cha polisi cha Lubisana, na aliuimba kila alipopata msikilizaji, hata mahabusu. "Nikuone mara moja tu," angesema akijigonga paji la uso, "umeshaingia humu. Hutoki." Mahabusu waliitikia kwa adabu. Wangefanya nini, nao wamefungiwa?

Asubuhi ile simu ilitoka Ofisi ya Kazi. Kumeibwa.

Alipofika na Konstebo Mbane, askari wa kike, alimkuta mwanamke amesimama kaunta, amekumbatia mkoba wake kama mtoto mwenye homa. Aliitwa Thobeka Ngxola, fundi cherehani wa sare za shule mpaka kiwanda kilipofunga milango. Alikuja kuwasilisha kitambulisho ili aanze kupokea fao la kukosa kazi. Karani alikuwa ameingiza namba yake kwenye kompyuta, akaitazama, akamtazama yeye, akarudi kuitazama.

"Mama, wewe tunakulipa tayari."

"Mnamlipa nani?"

"Wewe. Ulikuwa kiwanda cha kuku, ukapunguzwa, ukaleta nakala ya kitambulisho. Hii hapa."

"Kuku? Nyumbani kuku anachinjwa na mume wangu, mimi nageuza uso."

Karani hakucheka. Alimweleza Inspekta jambo lenyewe bila kupamba: ama mwizi apatikane, ama Thobeka ashtakiwe kwa kudai mara mbili. Mpaka hapo hapati kitu. Na nyumbani kwa Thobeka mshahara uliokuwa ukiingia ni huo huo wa cherehani.

Inspekta aliinua nakala ile kwenye mwanga. Picha ilikuwa imetoka nyeusi tii. Uso ule ungeweza kuwa wa Thobeka, wa askofu, au wa sufuria. Chini yake kulikuwa na muhuri wa kituo chake mwenyewe, ule ambao wakazi wote wa Lubisana huufuata polisi wanapotakiwa nakala iliyothibitishwa: askari anaangalia kitambulisho halisi, anamwangalia mwenye nacho, anagonga, anatia sahihi.

Sahihi haikusomeka. Doa kubwa la rangi ya chai lilikuwa limeilamba, likabakiza kimkia tu, kama cha panya anayeingia shimoni.

"Kemikali," alisema Inspekta.

"Kemikali, afande?" aliuliza Mbane.

"Wanaoghushi nyaraka kule jiji la Jozi wanaitumia kufuta wino. Hili ni genge. Lakini kuna mpumbavu kituoni kwetu aliyegonga muhuri bila kutazama sura. Fungua jalada. Kwenye nafasi ya ofisa aliyethibitisha, usiandike kitu. Nikimpata, jina lake nitalijaza mwenyewe kwa mkono wangu."

Konstebo Mbane alikitazama kile kimkia. Akamtazama afande wake. Akakohoa.

"Kanywe dawa," Inspekta alimwambia.

Nakala ilipelekwa maabara ya polisi mjini Monti, pamoja na alama ya dole gumba iliyobaki kwenye fomu ya madai. Inspekta akamketisha Thobeka kituoni.

"Kitambulisho chako hukaa wapi?"

"Kwa mama. Nyumba yangu inavuja, hivyo karatasi zote ziko kwenye mkebe wake wa biskuti."

"Umewahi kukipoteza?"

"Hapana."

"Kumpa mtu?"

"Nimpe nani? Na uso wangu umo ndani."

"Unamjua mtu yeyote Jozi?"

"Mjomba. Amekufa."

"Lini?"

"Kabla sijazaliwa, Bhele." Alimwita kwa jina la ukoo wake, kama watu wote wa pale wanavyomheshimu mtu. "Nisaidie. Nikishtakiwa, hakuna atakayeniajiri tena, hata kushona kitambaa cha vumbi."

Inspekta aliandika: *Mjomba, Jozi.* Akaipigia mstari.

Kiwanda cha kuku kilinuka maji ya moto na manyoya. Msimamizi, Bwana Cloete, alikuja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Thobeka Ngxola? Hapa sijawahi kuwa na Thobeka."

Inspekta alimgeukia Mbane kwa furaha. Genge. Jina hewa.

"Ngoja," Cloete alisema, akisoma namba ya kitambulisho. "Ahaa. Huyu ni MaMpinga. Huyo alikuwa hapa miaka. Hodari. Kisu mkono wa kushoto, kuku hajui hata kwamba hana mifupa. Nililia nilipompunguza."

"Ulilia?"

"Kidogo. Ilikuwa siku ya vitunguu pia."

Waliondoka hapo wakaenda kwenye kiwanda cha sare, ambako alibaki mlinzi tu na paka. Mlinzi aliulizwa kama anamfahamu Thobeka Ngxola. Alikuna kichwa. Akaonyeshwa picha ya kwenye kitambulisho cha Thobeka.

"Sema MaMpinga basi. Asubuhi namfungulia lango, jioni namfungia. Hakukosa siku, hata ya mvua."

"Miaka hiyo yote?"

"Miaka hiyo yote."

Ndani ya gari Inspekta alikaa bila kuwasha injini. MaMpinga alikuwa akitoa kuku mifupa na kushona sketi saa zile zile, mji ule ule, kila siku, hata ya mvua. Alijaribu kuipanga kichwani. Labda zamu za usiku? Kiwanda cha kuku hakikuwa na zamu za usiku. Labda mlinzi ni wa genge? Na paka je?

"Ana mikono miwili yenye akili," alisema mwishowe. "Kushoto kuku, kulia cherehani. Amedai mara mbili kwa sababu alifanya kazi mara mbili. Nilimshuku tangu mwanzo."

"Ulimshuku mjomba, afande."

Simu ya maabara iliingia. Dole gumba la kwenye fomu halikuwa la Thobeka. Na lile doa halikuwa kemikali. Yalikuwa mafuta ya kukaangia, yenye chembe za unga wa ngano.

"Mafuta," Inspekta alisema taratibu. "Mpumbavu wetu si mpumbavu tu. Ni mlafi. Aligonga muhuri wa serikali huku akila gwinya." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Yeye mwenyewe aliyapenda magwinya, maandazi hayo ya kukaangwa, hasa yale ya moto ya getini, lakini kila kitu na mahali pake.

Mbane alikohoa tena.

"Sema, au nenda hospitali."

"Afande, mimi kazini wananiita MaRhadebe, kwa ukoo wa baba yangu. Dada yangu, kule anakofundisha, anaitwa nani?"

"MaRhadebe. Baba si mmoja?"

Alikuwa amewaamkia wanawake wa Lubisana kwa ukoo wa baba zao maisha yake yote, na hakuwahi kuhitaji zaidi ya hapo. Kumbe hata kiwanda hakikuhitaji. Ukiingia na kitambulisho cha dada yako, siku ya kwanza wanakuuliza wewe ni wa ukoo gani, unajibu kweli, na tangu hapo la kwenye karatasi haliitwi tena.

"Kwa Mpinga," alisema akiwasha injini, "kuna mabinti wangapi?"

Walikuwa wawili. Wa pili, Ncumisa, walimkuta jikoni kwa mama yake akimenya boga. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Mama mtu alipoona sare za polisi alikaa juu ya mkebe wa biskuti, na hakuinuka hata alipoombwa vizuri.

Kituoni, dada wawili waliwekwa chumba kimoja. Thobeka hakuelewa kwanza.

"Huyu amekuja kunitolea dhamana?"

"Kidole chako, Ncumisa," Inspekta alisema. Mbane alilinganisha alama. Akaitikia kwa kichwa.

"Ulitumia kitambulisho cha dada yako?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuku. Mama alinitolea kwenye mkebe. Nikarudisha jioni ile ile."

"Kwa nini hukutumia chako?"

"Sina. Nilizaliwa nyumbani, mkunga alikuwa nyanya. Nilipokwenda kuandikishwa walitaka shahidi aliyeniona nikizaliwa. Nikasema mama. Wakasema mwingine. Mwingine ni nyanya, na yuko kaburini. Nikarudi, nikarudi tena, mpaka mlinzi wa pale akawa ananiuliza hali ya watoto." Alimwangalia dada yake. "Kuku hawangojei, Thobeka. Nilitaka kazi tu. Makato ya fao yalikuwa yangu, mikono ilikuwa yangu. Jina ndilo lilikuwa lako. Waliponipunguza nikaona nachukua jasho langu. Sikujua na kiwanda chenu kitafungwa."

"Miaka yote hiyo," Thobeka alisema. "Unakuja kwangu Jumapili, unakula, unanyamaza."

"Ningeanzaje? Dada, nipitishie chumvi, halafu mimi ndiye wewe?"

Thobeka alijaribu kukasirika. Midomo ilimwendea kombo, ikawa si kulia wala si kucheka. "Kwa hiyo mimi sikudai mara mbili," alimwambia Inspekta. "La sare ni langu."

"Ni lako. Nitawaandikia leo. Lakini huyu ana kesi." Inspekta alisimama, akashika mkanda. Sasa alikuwa amefika sehemu aliyoingoja. "Ncumisa, swali la mwisho. Usingepata senti bila muhuri. Nani alikugongea?"

Ncumisa aliangalia sakafu. "Sipendi kumtaja, baba."

"Ulimhonga?"

"Hapana."

"Unamwogopa?"

"Namwonea aibu."

"Mlete yule mama anayetoa nakala getini," Inspekta aliamuru.

MaDlomo alikuwa na mashine ya nakala kwenye kontena getini, na kando yake karai la magwinya, kwa sababu foleni huwa na njaa. Aliingia na aproni yake, akamtazama Ncumisa.

"Huyu namkumbuka. Alikuja na kitambulisho cha mtu mwingine. Nilishangaa, maana yule ana kidoti shavuni na huyu hana."

"Unaona?" Inspekta alimwambia Mbane. "Muuza maandazi ameona. Askari hakuona. Mama, nakala ilithibitishwa na nani?"

"Bhele, tuzungumze nje."

"Hapa hapa. Mbele ya wote."

MaDlomo alikunja aproni, akaikunjua.

"Ulikuwa umekuja kula. Muhuri ulikuwa nao mfukoni, ulisema hutaki kurudi ndani kwa ajili ya karatasi moja. Ukaugongea juu ya kifuniko cha mashine yangu, gwinya mkono mmoja. Nikakwambia, Bhele, mafuta hayo. Huyu binti akakuonyesha kitambulisho. Hukuinua kichwa. Ulimwambia, 'Nenda, dada, sura yako naijua.'"

Inspekta alimtazama Ncumisa, kwa mara ya kwanza siku nzima alimtazama kweli, paji hadi kidevu, akitafuta mahali popote alipowahi kuiona sura ile. Hakupapata.

Konstebo Mbane alifungua jalada kwenye ile nafasi tupu. Akalisogeza mezani mpaka lilipogusa mkono wa Inspekta, akaweka kalamu juu.

"Ulisema utalijaza mwenyewe, afande."