Maoni Aliyoandikiwa Twiga

Kila mwisho wa muhula, msichana mmoja wa kidato cha kwanza alibaki darasani na mwalimu wake kujaza ripoti. Wenzake walimwita Mwandiko, kwa sababu herufi zake zilinyooka kama zimepigwa pasi. Mwalimu wa darasa alikuwa na wanafunzi hamsini na wanane na mikono miwili, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa kushikia kikombe cha chai. Basi alijitengenezea njia ya mkato: karatasi yenye maoni sita yaliyo tayari, kila moja na namba yake. Namba moja ilikuwa "Hongera, endelea hivyo." Namba nne, "Ana uwezo, aongeze bidii," maneno yaliyochoka kuliko madawati. Mwalimu aliweka namba mbele ya kila jina, Mwandiko akanakili maoni yenyewe kwenye ripoti, kisha mwalimu akatia sahihi na muhuri.

Siku hiyo mvua ilishinda ikinyesha, na saa tisa mchana darasa lilikuwa na giza. Mwalimu aliitwa ofisini. Mwandiko aliendelea peke yake mpaka akafika kwenye jina la Twiga. Hapakuwa na namba, palikuwa na alama ya kuuliza.

Twiga, msichana mrefu kama jina lake la utani, alikaa naye dawati moja, na siku hizo Mwandiko alikuwa na kinyongo naye. Walikuwa wamepewa kazi ya sayansi ya watu wawili: kuchora moyo wa binadamu na kuueleza. Twiga hakutokea jioni hata moja. "Nina kazi nyumbani," alisema, basi. Siku ya kuueleza huo moyo alisinzia amesimama, darasa likacheka mpaka likatoa machozi, nao wakaambulia alama saba kati ya ishirini.

Mwandiko angeweza kumsubiri mwalimu. Hakusubiri. Aliandika kwa herufi zake nzuri: "Ni mvivu. Analala darasani. Hana nia ya kusoma." Akaifunika ripoti hiyo kwa nyingine upesi. Mwalimu aliporudi alikuwa na simu sikioni, akatia sahihi rundo zima bila kusoma hata moja.

Shule ilipofunguliwa, nusu ya dawati lile ilikuwa tupu. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili ilipoanza, Mwandiko alishindwa kuvumilia, akaenda kwa mjomba aliyeishi na Twiga, dobi aliyefanya kazi zake kwenye chumba kimoja karibu na kituo cha mafuta.

Ndani mashuka mabichi yalining'inia mpaka usoni, na hewa ilikuwa nzito kwa mvuke na sabuni. Dobi alikuwa akipanga mashati mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeleta nguo au umbea?"

"Nimekuja kumwona Twiga."

"Huyo hapo nyuma ya shuka. Usimkaribie sana, ana pasi ya moto."

Twiga alikuwa akinyoosha suruali. Kwenye mkono wake palikuwa na alama mpya ya kuungua. Hakuinua macho.

"Mbona huji shule?" Mwandiko aliuliza.

"Kwani ripoti yangu inasemaje?"

Dobi alijibu badala yake. "Mwanangu, tangu mke wangu augue na kulala kitandani, huyu ndiye anayeamka alfajiri kumgeuza, kumwogesha na kumlisha. Nyumbani uvivu wake sijauona. Sasa mwalimu ananiambia huko shuleni hana nia. Nikasema basi, abaki kwenye kazi anayoiweza. Mimi nani nibishane na muhuri?"

"Nilidhani mwalimu angeniuliza kwanza," Twiga alisema polepole.

Mwandiko aliaga akatoka, na njia nzima hakujua kama uso wake umelowa mvua au nini.

Asubuhi, kabla ya kengele, alikuwa mbele ya meza ya mwalimu.

"Mwalimu, ripoti ya Twiga niliiandika mimi."

"Si unaziandika zote?"

"Ile niliitunga. Nilikuwa na hasira naye."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Mwandiko alitamani achapwe, yaishe.

"Alama ile ya kuuliza niliiweka kwa sababu sikumwelewa yule mtoto," mwalimu alisema. "Nilitaka nimwite nimwulize. Nikasahau, nikatia sahihi kitu nisichokisoma. Kosa lako ni lako, na langu ni langu. Jioni twende wote."

Jioni walisimama kati ya mashuka, na Mwandiko akasema yote mbele ya dobi na mbele ya Twiga. Dobi alitikisa kichwa. "Herufi nzuri namna ile," alisema. Hakucheka mtu.

Mwalimu naye aliomba radhi, akauliza, akasikiliza, kisha akaandika ripoti mpya juu ya meza ya pasi: "Alama zake za hesabu zimeshuka kutoka 71 hadi 48 tangu aanze kuuguza nyumbani. Insha zake ndizo bora darasani. Anahitaji saa moja kila jioni ya kusoma bila kazi. Nitamfundisha hesabu mwenyewe kila Jumatano."

Dobi aliisoma mara mbili. "Hiyo saa moja, ni mimi wa kuitoa?"

"Ni wewe, baba."

"Mh. Basi Jumatatu atakuja."

Alikuja kweli, ila aliomba dawati jingine. Mwandiko alibaki na lake peke yake, na mwalimu alimkuta saa ya mapumziko amelaza kichwa juu ya dawati.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia, "unapoandika juu ya mtu, andika ulichokiona, na usichokijua uliza. Kisha sema asaidiweje. Mimi nimefundisha miaka kumi na tisa, na hili nimelijua muhula huu, tena kwa aibu."

"Atanisamehe?"

"Muulize yeye. Akisema bado, ukubali."

Mwandiko alimfuata Twiga uani akamwuliza. Twiga alifikiri kidogo.

"Bado," alisema.

Mwandiko akakubali. Alimnyooshea madaftari yenye masomo yote aliyoyakosa, na Twiga akayapokea.