Bobini Tupu kwenye Cherehani ya Kumi na Saba

Naapa kwa magoti yangu haya mabovu: hadithi hii ni ya kweli toka utosini hadi kisiginoni. Ukinikamata na uongo hata wa chembe, chukua saa yangu ya mkononi, niliyozawadiwa nilipostaafu baada ya miaka thelathini ya kusoma mita za maji. Haijawahi kukosea.

Na kwa sababu ya saa hiyo nilipata kazi ya uzeeni: kupiga kengele kwenye karakana ya ushonaji. Mji ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Kila siku watu waliingia na magodoro, na masufuria, na bibi zao. Mmoja nilimwona kabeba mlango wa nyumba aliyoiacha, anatafuta nyumba mpya ya kuutia. Usicheke, mimi ndiye niliyemsaidia kuutua. Cherehani zilikuwa arobaini na mafundi themanini, basi kila moja ikawa na wenyewe wawili, wa asubuhi na wa mchana. Saa sita kamili napiga kengele, huyu anainuka, yule anakaa, kiti hakipati hata nafasi ya kupoa.

Cherehani ya kumi na saba, asubuhi ilikuwa ya binti tuliyemwita Pindo, kwa vile pindo zake hata uvae miwani huoni uzi ulipopita. Mzaliwa wa mjini, kitambaa cha njano kichwani, maneno mdomoni hayaishi. Siku moja, katikati ya msukumano wa kubadilishana zamu, mbele yake akasimama kijana mrefu, shati la bluu lililochujuka kwa kufuliwa, futi ya kupimia shingoni.

"Dada, muda umeisha."

"Kengele imelia?"

"Jua limeshapita utosi."

"Basi kashone juani. Humu ndani tunafuata kengele ya Babu."

"Hata kwetu wazee wapo, lakini hawabishani na jua."

"Kwenu ndiyo wapi?"

"Siku tatu kwa basi, na moja kwa miguu."

"Na njia yote hiyo hukupotea? Masikini, bahati yetu mbaya!"

Kijana akacheka mpaka futi ikamdondoka. Pindo akaiokota, akamvisha shingoni mwenyewe, kisha akajifanya anatafuta mkasi. Ndipo nikapiga kengele.

Tangu hapo, kila mchana walibishana kuhusu jua, na mabishano yakawa marefu kuliko suruali ya mtu mrefu. Adabu ya karakana ilikuwa hivi: anayeinuka hujaza bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ili mwenzake asianze kazi kwa kuhangaika. Pindo akaanza kumjazia uzi mwekundu hata kama kazi ya siku ni suruali nyeusi. Kijana anajaza wa njano, rangi ya kile kitambaa.

Kijana yule alikuja na mshono wa kwao, mkono mpana unaoanzia shingoni. Kabla ya mwaka kuisha, makarani wa ofisini, maharusi, hata walimu, wote walikuwa na mkono wa wageni. Mama yake Pindo alinung'unika kwamba watu wa kuja wanaharibu mji. Yeye mwenyewe aliingia mjini akiwa mgongoni mwa mama yake, na gauni alilovaa akinung'unika lilikuwa la mkono huo huo.

Sasa sikiliza balaa. Kwetu karakanani, fundi anayeacha kazi kabisa huondoa uzi wake wote na kuacha bobini tupu. Ndiyo kwaheri yake. Kwao yule kijana, fundi anayetaka kuoa humwachia mpenzi wake bobini tupu, na binti akikubali huijaza uzi wa rangi anayotaka kushonewa siku ya harusi. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Nani huelezea jambo analodhani dunia nzima inalijua?

Asubuhi moja Pindo akaikuta tupu. Hakuijaza. Aliondoka kabla ya kengele, na kijana alipokaa akaikuta vile vile.

Enzi hizo karakana nzima ilikuwa na simu moja, ya mezani, kibandani kwangu. Kesho yake asubuhi ikalia, ni yule kijana, nikamwita Pindo. Mimi nikageukia ukuta, masikio nikayaacha palepale, na simu ile ilipaza hata sauti ya upande wa pili.

"Mpenzi, uliiona?"

"Niliiona."

"Na kuiacha vile ndiyo jibu lako?"

"Ulitaka nifanye nini, nipige magoti?"

"Hapana. Nimeelewa."

"Basi nenda salama."

Akaweka simu, akaegemea ukuta wa kibanda, akauliza kama nina leso. Ilikuwa na mafuta ya kengele. Akaitumia hivyo hivyo.

Wiki mbili kijana hakuonekana. Jumamosi, muuza vifungo, mama mmoja wa kwao yule kijana, akapita na kapu lake, akaiona ile bobini tupu kando ya cherehani ya Pindo. "Mwanangu, hii bobini bado hujaijaza? Kumbe ulimkataa? Na leo ndiyo anaondoka, basi la saa nne!"

Alipokwisha kuelezwa, Pindo alikuja kibandani bila viatu. Akapiga simu nyumba aliyopanga kijana. Ikaita, ikaita.

"Babu, saa ngapi?"

Nikatazama mkononi. "Saa tatu na nusu, mwanangu. Stendi ni robo saa tu, hata kwa kutembea. Vuta pumzi."

Akavuta pumzi. Akarudi kwenye cherehani, akachagua uzi, akaijaza bobini taratibu ili isilegee, maana jibu la namna hiyo halijazwi ovyo. Kisha akakimbia.

Alifika basi likiwa linanguruma. Kijana akarukia dirishani! Abiria wakapiga makofi, dereva akalia mpaka akawasha waipa za kioo, na harusi ikafanyika...

Hapo ndipo nilipoishia kuandika, nikampelekea Pindo karakanani asome, kwani mpaka leo ndiye anayenipunguzia suruali. Nywele zake zina mvi sasa. Akasoma mpaka mwisho.

"Babu, dereva alilia?"

"Sana."

"Mimi nilikuta doa la oili na mtu anafagia. Akaniambia basi limeondoka saa nne juu ya alama." Akanyoosha kiganja. "Uliapa."

Nikaifungua ile saa. Mkononi pakabaki mstari mweupe. Akaiweka kando ya simu yake ya mkononi, akatazama hii, akatazama ile. Akatazama tena.

"Iko nyuma dakika ishirini. Tangu lini?"

Nikalikumbuka jua lililopita utosi, na yale mabishano ya kila mchana.

"Nilivyopewa ndivyo nilivyoivaa, mwanangu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu. Alivuta droo, na mle ndani niliiona bobini imejaa pomoni, uzi wa bluu. Akailaza saa kando yake, akafunga. Kwenye cherehani ya jirani binti mmoja, mkono mpana toka shingoni, alikuwa anaimba wimbo wa kwao yule kijana akidhani ni wa hapa hapa.

Pindo akachukua chaki.

"Haya, Babu. Simama wima nikupime."