Kompyuta Haioni Maua

Mzee Ubaldo ni mchoraji. Karnivali ikikaribia, yeye ndiye hupamba magari ya gwaride ya mtaa wetu hapa mjini Barranquilla. Mkono wake hautulii. Amechora mlango, friji, hata mfuniko wa choo. Binti yake Yuranis alipotafuta kazi, wasifu wake wa kuombea kazi nao ukachorwa.

Lo, ulipendeza! Jina kwa rangi ya dhahabu, picha yake katikati ya maua, na kazi alizowahi kufanya ndani ya vipepeo. Binamu yake akaupiga picha, akachapa mstari mmoja chini yake. Yuranis akautuma kila mahali. Hakuna aliyempigia simu.

"Mwezi ukiisha naenda Bogotá kwa shangazi," alimwambia baba yake wakikaanga arepa, vimikate vya mahindi wanavyouza mlangoni. "Huko mji mkuu nitapata kazi."

"Na mtoto wako?"

"Nitamwacha kwako, baba."

Mzee Ubaldo aliiacha arepa ikaungua. Roho ilimuuma.

Jirani yao, Bi Nohemí, alikuwa amekuja kununua arepa. Kazi yake ni kuajiri watu katika kiwanda cha dawa. Aliposikia hayo, akaomba kuuona wasifu.

"Jamani! Huu ni wasifu au gari la karnivali?"

"Wivu tu huo," alisema Mzee Ubaldo.

"Sikiliza, jirani. Siku hizi wanaoomba kazi ni wengi mno. Kompyuta ndiyo inayosoma kwanza na kuchambua. Na kompyuta haioni maua. Yuranis, hebu tujaribu."

Kwenye simu, Bi Nohemí alinakili maneno yote ya wasifu, akayabandika kwenye ukurasa mtupu. Ukatokea mstari mmoja tu: "Napenda kucheza dansi na kupika."

"Basi?" Yuranis alishtuka. "Na miaka yangu yote ya ghalani?"

"Imebaki kwenye vipepeo. Maneno yaliyochorwa, kompyuta haiyasomi. Imeona mtu asiye na jina, anayetaka kucheza!"

Yuranis alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baba yake alinuna.

Wakaanza upya. Jina na simu juu kabisa. Maneno yamechapwa, yanashuka moja kwa moja, bila visanduku. Vichwa vya kawaida: Uzoefu wa Kazi, Elimu, Ujuzi.

"Sasa soma tangazo hili la kazi," alisema Bi Nohemí. "Wanataka mtu wa kusimamia ghala. Wewe umejiita nani?"

"Mama wa Mizigo. Ndivyo bosi alivyoniita."

"Kompyuta haijui utani. Kusimamia ghala umefanya?"

"Kila siku!"

"Basi andika kama tangazo linavyosema."

"Wanataka pia mtu anayeendesha mashine ya kunyanyua mizigo. Niandike?"

"Unajua kuiendesha?"

"Sijui."

"Usithubutu! Ukiitwa utaumbuka. Andika la kweli tu."

Mzee Ubaldo alichungulia. "Mmh! Karatasi kavu kama ya mahakama."

"Baba, niache nipite mlangoni kwanza."

Bi Nohemí akanakili tena. Safari hii maneno yote yalitokea kwa mpangilio, kuanzia jina lake. Yuranis akautuma kwenye kampuni iliyotoa tangazo, karibu na bandari.

Wiki iliyofuata simu ililia. Yuranis alikuwa anakunja sweta za kuvaa kwenye baridi ya Bogotá. Aliitwa kwenye usaili, akajibu kila swali, kwa sababu kila alichoandika alikuwa amekifanya. Akaajiriwa.

Mzee Ubaldo aliposikia, alimbeba mjukuu wake na kucheza naye barabarani mchana kweupe. Jumatatu Yuranis alikwenda kazini. Jioni akarudi, akamlaza mwenyewe mtoto wake.