Nakala ya Tatu

Teksi ilikuwa nyeupe, ubavuni imeandikwa namba ya leseni ya jiji la Tanga, na buti lake lilijaa filamu ya wizi.

Inspekta Bertha Shemweta aliinama juu ya boksi. Flashi mia tatu, kila moja imebandikwa picha ya Queen, mwigizaji aliyekuwa akivuma pwani yote. Uzinduzi wa filamu ulikuwa Ijumaa. Leo ni Jumanne.

"Jina?"

"Zabron, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Leseni yako ni ya abiria wa mjini Tanga. Hapa Horohoro, mpakani, umefuata nini?"

"Abiria alinibembeleza, afande."

"Yuko wapi?"

Zabron akaigeukia teksi tupu.

"Namba hiyo ubavuni ndiyo iliyokuponza," Bertha alisema. "Askari wa kizuizini aliona leseni iliyopotea njia. Nani alikupa filamu?"

"Mwanamke. Kavaa nikabu, macho tu yanaonekana. Nilimpakia Mabawa. Akaniachia flashi moja, akasema niitoe nakala, niuze hadi Mombasa. Yeye hakutaka hata senti."

Bertha akaacha kuandika. Mwizi asiyetaka chochote ana lake moyoni.

Mchana huo aliketi sebuleni kwa Nadir, mtengenezaji wa filamu hiyo. Azza, mkewe, akaleta kahawa na halua, akaketi pembeni.

"Miaka minne nimeihangaikia," Nadir alisema, uso umemparama. "Mnunuzi wa Dar kashaniambia, ikivuja haitaki tena."

"Zilikuwepo nakala ngapi?"

"Nne. Ya mnunuzi, ya Queen, ya tatu yangu hapa nyumbani, na ya Castory, mhariri wangu. Kila moja ina nywila yake, na ndani ina alama ya siri, tofauti na za wenzake. Mkamateni Castory! Tangu nimkatalie ubia ananionea kijicho."

Bertha hakumkamata mtu. Alipeleka flashi maabara. Kesho yake asubuhi majibu yakaja: kufuli la filamu halikuvunjwa, lilifunguliwa kwa nywila. Alama ya siri ilikuwa ya nakala ya tatu.

Akarudi kwa Nadir. Azza aliketi pembeni, kama jana.

"Nywila ya nakala yako ni nini?"

Nadir alitazama zulia. "Tarehe ya ndoa yetu."

Bertha akatoa flashi ya Zabron. Akaichomeka kwenye runinga. Queen akatokea, amesimama mbele ya mlango uliofungwa, analia: "Hata ukinifungia, nitakaa barazani kwako mpaka nizeeke."

Azza akainuka, akachomoa waya ukutani.

"Basi. Inatosha."

"Bi Azza," Bertha alisema taratibu, "si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa, na laweza kutolewa mahakamani."

"Liandikwe! Maneno yale Nadir aliniambia mimi, Raskazone, baba yangu alipokataa posa yake. Kwa maneno yale nikamwasi mzee wangu, akafa hatusemi. Sasa kampa Queen! Nilikuwepo siku ile wakipiga picha. Mara kumi, mara ishirini, 'Rudia, Queen. Laini zaidi, Queen.' Nikayaona macho ya Nadir yanavyomtazama. Miaka mingapi sijatazamwa hivyo?"

"Ukaitoa filamu."

"Nilitaka uzinduzi ufe. Queen asipande jukwaani apigiwe makofi kwa maneno yangu. Nikavaa nikabu, nikampa yule dereva. Nilijua atauza, tamaa ilimjaa machoni."

Nadir alikuwa amekaa chini, pale pale zuliani. "Azza, wallahi, hakuna kitu kati yangu na Queen. Nilimwambia arudie kwa sababu hakuweza kuyasema yakatoka kama yalivyotoka siku ile Raskazone. Sikupata mengine mazuri kuliko hayo."

"Ungeniomba," Azza alisema. "Yalikuwa yangu. Ungeniomba tu, ningekupa."

Bertha alimsomea Azza maelezo yake, naye akatia saini. Nadir akamshika Inspekta mkono.

"Afande, mimi ndiye mlalamikaji. Nafuta. Nitakwenda mahakamani niseme nimemsamehe mke wangu."

Azza alikuwa tayari mlangoni, anajifunga mtandio wake mweusi.

"Usinisamehe mbele za watu, Nadir," alisema. "Umeshanianika mbele za watu vya kutosha."