Aliyemwita Niyonsaba

Jua lilikuwa limeshagusa vilima vya upande wa Manyovu Kipriani alipoingia mbio dukani kwa Gharibu, akimwomba asifunge kwanza. Mzee alikuwa ameshatia udhu, anasubiri adhana ya magharibi.

"Nataka hedifoni, mzee. Zile za kuvaa masikioni."

Shida ilikuwa ofisini. Kipriani alikuwa mchora ramani katika ofisi ya mazao hapo Kasulu, mwaka wa sabini na tano, wakati watu wanahamishiwa vijiji vipya na kila kijiji kinataka ramani ya mashamba yake. Kazi ya mkono na jicho. Masikio hayakuwa na la kufanya. Basi alikuwa akifungua redio yake ndogo. Lakini chumba kilikuwa kimoja na ndani walikaa watatu: yeye, mkuu wao Bwana Pasikali, na Rosa mpiga chapa. Bwana Pasikali alisema muziki unamuumiza kichwa. Rosa naye, kwa upole, alisema vidole vyake vinafuata gitaa badala ya barua. Asubuhi ile mkuu akakata shauri: redio inyamaze au irudi nyumbani.

Gharibu aliweka juu ya meza kidude cheupe cha sikio moja. Kipriani akakichomeka kwenye redio yake. Muziki ulitoka mwembamba, kama mbu ndani ya chupa.

"Hakuna nyingine?"

Mzee alisita. Kisha akainama chini ya meza, akatoa hedifoni nyeusi, kubwa, zenye mito ya ngozi. Zilinuka udongo wa mtoni.

Kipriani alizivaa. Duka likatoweka. Besi ikatulia kifuani, magitaa yakaachana moja huku na moja kule, na mwimbaji akawa kama amekaa naye kiti kimoja.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Zimeletwa na watu wa Manyovu, ndani ya gunia la mitumba."

"Wewe umezisikiliza?"

Gharibu alikuwa ameshageuka kufunga madirisha. "Chukua hiyo nyeupe, kijana," alisema. "Inatosha kwa ofisi."

Kipriani akachukua nyeusi.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Mkuu alisifu utulivu. Rosa alipiga chapa bila kukosea. Alikuwa msichana mkimya, aliyevuka mpaka na mama yake mwaka wa sabini na mbili wakikimbia mauaji kwao, akafundishwa taipureta na masista. Wote ofisini walimwita Rosa. Jina la kwao, Niyonsaba, hakuna aliyelitumia.

Ndiyo maana Kipriani alishtuka alipolisikia.

Lilipita chini ya gitaa. Sauti ya mwanaume, ya mbali...

*Niyonsaba.*

Akavua hedifoni. Ofisi ilikuwa vilevile. Taipureta inagonga, mkuu anakohoa.

"Dada Rosa, kuna mtu amekuita?"

"Nani?"

"Nimedhani tu."

Kesho yake sauti ilirudi, na haikuwa mbali tena. Nyuma yake ilisikika miguu ikikanyaga matope, na pumzi ya mtu aliyetembea sana. Kipriani akazima redio. Muziki ukakatika.

Miguu haikukatika.

Akachomoa waya. Akaushika mkononi, akautazama.

*Niyonsaba...*

Alizisukumia hedifoni kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Jioni alikwenda dukani akakuta pamefungwa. Gharibu alikuwa amesafiri Ujiji kwenye msiba. Aseme nini ofisini? Bwana Pasikali angemcheka. Na Rosa... nyumbani kwao Kipriani, tangu utotoni, watoto walikatazwa kuitikia sauti ya mtu wasiyemwona. Akaona heri anyamaze, Rosa asijue kabisa kwamba anatafutwa.

Lakini macho yake yalimponza. Kila mara alijikuta akimtazama Rosa, kisha akitazama mlango, na Rosa aliona.

Alasiri moja mvua kubwa ilipiga mabati. Mkuu alikuwa shambani, Makere. Maji yalianza kuingia stoo, Kipriani akatoka kuokoa mafaili. Funguo zake zilibaki mezani.

Aliporudi, taipureta ilikuwa kimya.

Rosa alikuwa ameketi na hedifoni masikioni. Waya ulining'inia pembeni ya kiti, haujachomekwa popote. Alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka.

"Ni Hatungimana," alinong'ona. "Kaka yangu."

"Vua, dada. Usimwitikie."

Hakumsikia. Kipriani alitaka kumfikia, lakini miguu ilikuwa mizito kama imezama topeni. Aliweza kutazama tu. Midomo ya Rosa ikafunguka taratibu.

"Karame," akasema.

Ni neno la kwao la kumwitikia mkubwa. Alilisema kama mtoto.

Mvua ikakatika ghafla.

Harufu ya udongo wa mtoni ikajaa chumba. Kipriani alishusha macho sakafuni. Juu ya saruji kavu palikuwa na nyayo za miguu mitupu, zenye maji. Zilianza mlangoni. Zilipita mbele ya meza yake. Zilikwenda hadi nyuma ya kiti cha Rosa.

Za kutoka hazikuwepo.

Rosa alivua hedifoni, akaziweka mezani, akamalizia barua yake. Toka siku hiyo hakumwitikia mtu. Ukimwita hageuki, ukimgusa bega anakutazama kwa adabu, kisha anainamisha kichwa upande, kama anayenong'onezwa na aliyesimama nyuma yake. Bwana Pasikali alimpeleka hospitali. Daktari alisema masikio ni mazima.

Mama yake alikuja kumchukua. Aliitwa Immakulata, mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Kipriani alimweleza yote pale kwenye ngazi za ofisi, akitarajia kulaumiwa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Tulikuwa kwenye matete, pale mtoni, usiku ule wa kuvuka mpaka," alisema. "Hatungimana alitupotea gizani. Akaanza kumwita mdogo wake. Niyonsaba, Niyonsaba... Na nyuma yake nilisikia wanaume wengine, wana tochi. Sikujua kama wamemshika, au wanamfuata, au wanamtuma. Niyonsaba alitaka kuitika. Nilimziba mdomo. Nilimziba hadi sauti ya kaka yake ikaisha."

"Alikufa, mama?"

"Sijui, mwanangu. Iliisha tu."

Gharibu aliporudi, Kipriani alimtupia hedifoni zile juu ya meza. Mzee alizichukua kwa kitambaa, akasema watu wa Manyovu wenyewe walikuwa wameshakwenda na hakuna aliyejua gunia lile lilianzia wapi. Wala hakusema kama yeye aliwahi kuitwa.

Baada ya wiki kadhaa Kipriani alipata lori la kwenda Makere, akapita kuwajulia hali Rosa na mama yake, waliokaa huko. Ilikuwa jioni, moshi wa jiko umejaa uani. Rosa alikuwa mkekani, amenenepa kidogo, uso umetulia. Kipriani alitaka kukaa karibu naye.

"Kaa upande huu, baba," mama alimwambia. "Hapo pana mtu."

Mkeka mahali pale ulikuwa umelowa.

Walikula. Rosa alicheka mara mbili, akitazama pembeni yake, na kucheka kwake kulikuwa kwa furaha kabisa. Mama hakugusa chakula.

"Wanazungumza mchana kutwa," alisema polepole. "Nasikia upande wa binti yangu tu. Nimemwomba radhi huyo mwingine kila siku. Nimepiga magoti. Hanijibu. Jina langu hajalitaja hata mara moja."

Nje dereva alipiga honi. Kipriani akasimama.

Mama akamshika mkono wa shati.

"Lala hapa leo," alisema. "Leo tu. Jana nilimsikia binti yangu akimwambia: siyo sasa, mngoje mama kwanza alale. Sijafumba jicho tangu hapo."

Honi ikapigwa tena. Kipriani alisema dereva hatamngoja, kwamba kesho ni kazini, kwamba atarudi Jumapili. Mama aliuachia mkono wa shati taratibu, akaukunjua pale alipoukunja, kama mtu anayemweka mgeni sawa kabla ya safari.

Alifika Kasulu giza limeingia. Jumapili hakwenda.